Magobore ya Mwaka Sitini na Mbili

Makasha yaliposhushwa mlangoni kwa mjomba Torcuato, upepo wa magharibi ulikuwa ukivuma mjini kwetu Tabernas tangu Jumapili, na kila mtu alikuwa na mchanga machoni na hasira karibu. Koplo Marchena wa Guardia, askari wa serikali, alisimama kando akisimamia, kwa sababu sheria ilitaka silaha zisitembee bila askari, hata zikiwa za mchezo. Ndani ya makasha mlikuwa na magobore sita mapya yaliyotengenezwa Italia kwa mfano wa kale, yenye mitutu mirefu kama miwa na vitako vya mti wa jozi.

Mimi nilikuwa nimempelekea mjomba chakula. Alichukua gobore moja, akalinusa, akachungulia mtutuni, kisha akalirudisha polepole kama anayelaza mtoto mgonjwa.

"Mazuri, mjomba?"

"Mazuri mno, Remedios," akasema. "Hapo ndipo penye shida."

Torcuato Berenguel alikuwa kaka yake mama, na fundi bunduki pekee mjini. Alitengeneza bunduki za wawinda sungura, na msimu wa kuwinda ulipokwisha alitengeneza makufuli na cherehani, pamoja na yangu. Wakati wa vita vya sisi kwa sisi alikuwa upande wa Jamhuri, ule ulioshindwa, akizibua bunduki zilizokwama huku risasi zikimpita juu ya kichwa. Vita vilipokwisha alifungwa, akatoka gerezani na kikohozi na tabia ya kukaa akiutazama mlango.

Mdogo wao, mjomba Indalecio, hata gereza hakulipata. Majeshi ya washindi yalipoingia mjini, Leocadio Salvatierra, mwenzetu wa mjini, alisimama kwenye ngazi za kanisa akanyoosha kidole: huyu, na huyu, na yule pale. Wanaume saba walipakiwa kwenye lori. Wake zao waliambiwa wanapelekwa Almería, mji mkuu wa mkoa, kuhojiwa kidogo, watarudi. Mama aliweka sahani ya Indalecio mezani mpaka bibi alipomwambia aache, kwa kuwa alikuwa anawatisha watoto. Hakuna aliyetuambia walipo, na swali lenyewe lilikuwa kosa.

Leocadio alizawadiwa leseni ya duka la tumbaku. Duka la tumbaku lilikuwa moja tu. Kwa hiyo miaka ishirini na kitu, wajane na mayatima wa wale saba walinunua kwake sigara, stempu na viberiti, na kumwamkia, "Habari za asubuhi, don Leocadio," naye akajibu kwa adabu na kuwaulizia hali ya nyumbani.

Kisha zikaja filamu. Wageni waligundua kwamba makorongo yetu makavu yanafanana na nchi ya wachunga ng'ombe wa Amerika, wakajenga mji wa mbao kule bondeni, wenye benki isiyo na pesa na kanisa lisilo na Mungu. Nusu ya wanaume wetu wakawa majambazi, nusu nyingine Wameksiko, kutegemea ndevu. Mimi niliajiriwa kushona mashati. Mjomba aliajiriwa kutunza bunduki.

Mwanzoni ilikuwa kazi ya kucheka. Hadithi inasemwa ni ya mwaka sitini na mbili wa karne iliyopita, na bastola kiunoni mwa mhusika imebuniwa mwaka sabini na tatu. Zilikuwepo karabini, bunduki fupi zilizoundwa Eibar, zilizotumika hata katika vita vyetu wenyewe, nazo zilikuwa changa zaidi. Mjomba alizivua ule ubao wa chini ya mtutu ili zionekane za zamani. "Nimemvisha kijana meno ya babu," alikuwa akisema. Hakuna aliyelalamika. Na kila mara kabla ya kuigiza, alifungua kila silaha mbele ya mwigizaji, akamwonyesha: tazama, risasi ya moshi, mdomo umebanwa, haina kichwa. Tazama mwenyewe. Sasa nenda ukaue.

Halafu akaja Brusadelli.

Alikuwa mwongozaji wa filamu, Mtaliano mwembamba mwenye miwani, mpole, asiyepiga kelele kama wenzake. Alipita kwenye chumba cha silaha akigusa moja moja kwa ncha ya kidole: hii haikuwepo, hii haikuwepo, hii haikuwepo. Filamu yake ilihusu askari wa Texas walioingia New Mexico wakati wa vita vya wao kwa wao, mwaka sitini na mbili, na alitaka kila kitu kiwe kama kilivyokuwa. Hata moshi. Zama hizo baruti ilikuwa nyeusi, moshi wake mzito mweupe, na yeye alitaka kuuona ukitambaa ukutani.

"Hivi ndivyo walivyouana, Torcuato," alimwambia mjomba siku ile ya makasha, kupitia mkalimani. "Si uongo tena."

"Maestro, nikwambie neno moja," mjomba akasema. "Bunduki ya sabini na tatu inafunguka. Nikitaka kujua ina nini tumboni, naifungua naona. Gobore halifunguki. Unamimina baruti mdomoni, unashindilia karatasi, basi. Kilichoko chini hakionekani mpaka kitoke."

"Lakini wewe ndiye utakayeshindilia."

"Ndiyo, mimi."

"Basi wasiwasi wa nini?"

Mjomba alimtazama koplo Marchena. Koplo alikuwa akitazama buti zake.

Wiki ile ile Brusadelli akashuka mjini kutafuta sura. Katika filamu kulikuwa na mzee wa kijiji anayesimamishwa ukutani na kupigwa risasi na kikosi, kwa kosa la kuwaficha majeruhi. Aliingia dukani kununua sigara, akamwona aliye nyuma ya kaunta, akasahau sigara zake. "Uso huu!" akasema. "Uso huu umeona mambo!"

Hilo lilikuwa kweli.

Jioni hiyo Leocadio aliingia kilabuni amechana nywele kwa maji. Alikuwa na karibu miaka sabini, lakini sifa hazizeeki. "Jamani, nimekuwa mwigizaji!" akatangaza. "Mnajua napewa nini? Napigwa risasi! Mara hii nasimama upande wa pili wa ukuta!"

Akacheka. Waliokuwa wakicheza domino waliacha mikono hewani. Bonifacio mwoka mikate, ambaye hunyamaza kwa nadra, aliujaza mdomo mkate. Mwenye kilabu aligeuka akaanza kupangusa chupa iliyokuwa safi.

Siku ya pili msimamizi wa waigizaji wa kukodi alitangaza kwamba anahitaji wanaume sita wa kikosi cha kuua. Ni kazi ndogo, siku moja juani, sura haionekani kwa sababu kamera iko nyuma. Kazi za namna hiyo watu huzikimbia. Walijitokeza zaidi ya kumi. Msimamizi alikuwa mtu wa Madrid, akafurahi. "Watu wenu wameanza kuipenda sanaa," aliniambia. Mimi nilikuwa na pini mdomoni. Namshukuru Mungu kwa pini zile.

Wa kwanza kuchaguliwa alikuwa Ginés Úbeda, mpasua mawe wa machimboni. Baba yake alipakiwa kwenye lori lile naye akiwa tumboni mwa mama yake. Bonifacio naye aliingia, na wengine wanne. Wawili nilijua wana jamaa zao kati ya wale saba. Wengine sikujua wana nini mioyoni, na katika mji kama wetu hayo hayaulizwi.

Mjomba aliwafundisha nyuma ya karakana. Mimina baruti, tia karatasi, chomoa mdeki, yaani fimbo ya kushindilia, shindilia, rudisha mdeki, bandika fataki ya kuwashia.

"Bonifacio, wewe na tumbo hilo," Ginés akamtania, "askari gani wa mwaka sitini na mbili alikula hivyo?"

"Mpishi wao," Bonifacio akajibu. "Nani aliyekwambia jeshi halina mpishi?"

Walicheka, hata mjomba. Kisha Ginés akauliza bila kuinua kichwa, huku akipapasa kitako cha gobore lake, lililokuwa na fundo la mti mfano wa jicho.

"Mzee Torcuato, hiyo karatasi inaumiza?"

"Kwa karibu inatoa jicho. Kwa umbali wa ukuta, inachafua shati tu."

"Na kukiwa na kitu chini ya karatasi?"

Kicheko kilikatika.

"Hakuna kitu chini ya karatasi, Ginés."

"Nauliza tu, mzee."

"Na mimi nakujibu tu."

Kuanzia hapo, kila walipofanya mazoezi, Ginés alichukua lile lile lenye fundo. Mtu akilishika kabla yake, alilivuta mkononi mwake bila neno. Mjomba alipunguza kula. Mama alidhani ni kifua, akamchemshia majani ya mlimani. Nilimsikia akimwambia mama kwamba angependa mvua inyeshe, korongo lifurike, mji ule wote wa mbao uende baharini. Mama akamwambia, "Tabernas? Mvua? Kaombe kitu kingine."

Siku yenyewe ikafika, Alhamisi, na upepo. Asubuhi mjomba alishindilia magobore yote sita mwenyewe mbele ya koplo Marchena, akayasimamisha ndani ya hema, yakangojea. Brusadelli alitaka jua la alasiri, linaloangukia ukuta upande. Basi watu wakala mkate na dagaa, wakanywa mvinyo, kisha kila mtu akatafuta kivuli cha kulala kama kawaida ya huku. Koplo alikaa mlangoni mwa hema kwenye kiti, kofia usoni.

Mimi nilikwenda hemani na shati la Leocadio. Ndani yake nilikuwa nimeshona vifuko vya damu ya bandia, na mjomba ndiye aliyetakiwa kuviwekea baruti kidogo ili vipasuke. Nilimpita koplo, ambaye hakutikisika.

Mjomba alikuwa amepiga magoti. Mdeki ulikuwa ndani ya mtutu, na kidole chake cha gumba kilikuwa juu ya alama aliyoikwaruza kwa kisu.

"Funga turubai," akanong'ona.

Nikafunga.

"Asubuhi alama hii ilikuwa inagusana na mdomo wa mtutu. Kwa yote sita." Aliuchomoa, akautia katika gobore lenye fundo. Alama ilisimama juu ya mdomo, upana wa kidole. "Unaona? Kuna kitu kimeingia humu."

Alifunga skrubu kwenye ncha ya mdeki, akaizungusha ndani taratibu, akivuta pumzi kama anayemtoa mtu mwiba. Ikauma kitu laini. Akavuta. Kwanza ilitoka karatasi, halafu kidonge cha risasi, kipya, kinang'aa, kilichoyeyushwa jikoni kwa mtu.

"Ginés," nikasema.

"Ginés." Akafuta jasho. "Ngoja, sijamaliza."

Akaniwekea mdeki katika gobore la mwisho, lililoegemea pembeni peke yake. Alama ilisimama juu vilevile.

"Hilo ni la nani?"

"La yeyote. Wanaokota tu. Sijui nani angelichukua." Aliivuta ile ya pili, akaipima kiganjani pamoja na ya kwanza. Hazikulingana. Moja ilikuwa kubwa kidogo na ina mshono wa kalibu, nyingine duara safi. "Mikono miwili, Remedios. Watu wawili, na huenda hawakuambiana."

"Utamwambia koplo?"

"Nikimwambia, Ginés atanyongwa. Na watamtafuta wa pili mpaka wampate, na wasipompata watamchagua."

Nje turubai lilikuwa likipigapiga. Nilingoja atie vile vidonge mfukoni. Hakutia. Alivishika muda mrefu, akiviviringisha kwa gumba, na uso wake ulinitia hofu kuliko vidonge vyenyewe.

"Indalecio alikuwa na miaka ishirini na mbili," akasema. "Nikivirudisha, nani atajua? Mtaliano atasema ajali. Koplo atasema alikuwa macho. Hakuna gobore litakalotoa ushahidi."

"Mjomba."

"Nasema tu."

"Mjomba, nipe."

Hakunipa. Alivifunga katika kitambaa cha mafuta, akakitia ndani kabisa ya shati lake, kisha akashindilia karatasi mpya katika magobore yale mawili na kuhakikisha alama. "Sikuvitoa kwa ajili yake," akaniambia. "Ujue hilo. Nimevitoa kwa ajili ya yule mtoto aliyezaliwa bila baba." Halafu akachukua shati, akaanza kutia baruti kwenye vifuko, na mikono yake ilikuwa imara kabisa.

Alasiri ilipofika, Leocadio alisimama mbele ya ukuta wa udongo. Mimi nilikuwa nikimfunga vifungo, naye ananitania kwamba sijaolewa kwa sababu nina vidole baridi. Ginés alipewa kazi ya kumfunga mikono kwa nyuma. Alifunga kamba, akakaza, kisha akainamia sikio lake. Nilikuwa karibu, nikasikia kila neno.

"Don Leocadio, hili gobore halifunguki. Unajua? Hakuna anayejua lina nini."

Akaondoka kwenda kwenye mstari wake.

Leocadio alitabasamu, kisha tabasamu likakosa pa kukaa. Aliwatazama wale sita. Nadhani hapo ndipo alipowaona kwa mara ya kwanza, si askari wa Texas, bali mtoto wa fulani na mpwa wa fulani, wamevaa mashati niliyoyashona mimi, wamesimama kimya. Macho yake yakamtafuta mjomba kando ya kamera.

"Torcuato! Ni wewe uliyeshindilia?"

"Ni mimi."

"Yana nini?"

Hapo ndipo mjomba angeweza kusema karatasi. Neno moja tu, nalo lingekuwa kweli. Nilimtazama nikingojea alitamke.

"Yamefungwa, don Leocadio," akajibu. "Hayafunguki."

Rangi ilimtoka mzee yule. Brusadelli, aliyekuwa hajui Kihispania zaidi ya kuagiza kahawa, alifurahi hadi akaruka. "Anafanya vizuri! Kamera! Msimguse! Kamera!"

Filamu zile hazikurekodi sauti. Sauti ziliwekwa baadaye, Roma na Madrid, na watu wengine. Kwa hiyo tuliokuwa pale ndio pekee tulioyasikia, na upepo ulikuwa ukituletea.

"Jamani, mimi sikufyatua!" Leocadio akapiga kelele. "Nilionyesha tu! Walinilazimisha niende nao niwashe taa ya lori!"

Kikosi kikainua mitutu, kwa amri ya kijana wa Kitaliano aliyekuwa na kipaza sauti.

"Ginés, mwanangu! Wako Santa Quiteria! Kwenye mgodi, shimo la juu! Wote saba! Hawakufika Almería, hawakufika popote! Torcuato, Indalecio alikuwa wa mwisho, aliniita jina langu, aliniita Leo kama alivyoniita alipokuwa mtoto, kwa jina la Mungu, Torcuato, waambie…"

Magobore yakalia.

Moshi ulikuwa kama Mtaliano alivyoutaka. Ulijaa, mzito, mweupe, ukatambaa ukutani na kutufunika sote, na ndani yake sikuona ila umbo linaloanguka. Upepo ulipoukokota, Leocadio alikuwa chini kwa ubavu, kifua chekundu, hatikisiki. Ginés aliliacha gobore likaanguka. Bonifacio alifanya ishara ya msalaba. Mwingine aligeuka akatapika nyuma ya jiwe. Mjomba hakumtazama Leocadio hata kidogo. Alikuwa akiwatazama wale sita, mmoja baada ya mwingine, kama anayesoma.

Nilikimbia ukutani. Ile nyekundu ilikuwa tamu kwenye vidole, ni sharubati na rangi. Macho ya mzee yalikuwa wazi.

"Nimekufa?" akaniuliza.

"Bado, don Leocadio."

Brusadelli alipiga makofi. Alisema hakuna haja ya kurudia.

Wakati tunapakia magobore makashani, mjomba alimwendea koplo Marchena. "Koplo, umesikia."

Marchena alifunga kasha, akapiga komeo. "Nimesikia upepo," akasema. Kisha, bila kuinua sauti: "Na wewe, Torcuato, umesikia upepo. Una dada, una mpwa. Mmesikia upepo nyote."

Kesho yake Ginés alikuja karakanani, macho yamevimba. Mjomba alifungua kitambaa akaweka vidonge viwili mezani. Ginés alivitazama, akanyoosha mkono na kuchukua chenye mshono.

"Hiki changu," akasema. "Mimi nilitia kimoja tu, mzee. Nakuapia mama yangu." Na hapo akaanza kulia kwa sauti, mtu mzima wa machimboni, na mjomba akafunga mlango wa duka mchana kweupe ili wapita njia wasione. Kabla ya Krismasi Ginés alipanda treni kwenda Ujerumani, kwenye viwanda, kama wengi wa rika lake. Alituma kadi.

Filamu ilionyeshwa Almería kiangazi kilichofuata, katika sinema ya uani. Tulijaza mabasi. Ilipofika sehemu ile, uso wa Leocadio ulijaa skrini yote, na kinywani mwake ikatoka sauti nene ya mwigizaji wa Madrid, ikizungumza juu ya ardhi na heshima ya kufa umesimama. Lakini midomo haikusema hayo. Kila aliyetoka Tabernas aliitazama midomo. Nyuma yangu mwanamke, mjane wa mmoja wa wale saba, alisoma kwa mnong'ono, taratibu, kama anayefuata sala: Santa Quiteria, shimo la juu. Gazeti moja lilisifu magobore. Liliandika kwamba hatimaye mtu ameonyesha silaha zilizokuwepo kweli.

Hatukuweza kuchimba. Miaka ile kuuliza tu kulitosha kukupeleka mbele ya meza ya Guardia. Mama alipanda Santa Quiteria mara kadhaa, mgodi wa madini ya risasi uliofungwa zamani upande wa milima ya Alhamilla, akakaa ukingoni mwa shimo na kufuma soksi. Askari walipomwuliza anafanya nini, alisema pana hewa nzuri.

Leocadio aliendelea kuuza tumbaku. Alihamisha kaunta ili ukuta uwe mgongoni mwake. Watu waliendelea kumwamkia, lakini hakuna aliyemaliza salamu. Walisema "Habari za…" wakaacha hapo, wakaweka sarafu na kuondoka. Alikufa kitandani kwake, miaka minne baadaye. Mazishini walikuwepo padri, koplo, na mwanamke wa kufagia.

Mjomba hakugusa tena gobore. Aliwaambia waziwazi wenye filamu: atatunza bunduki zinazofunguka, hata kama hadithi ni ya Nuhu. Lakini kile kidonge cha pili hakikumwacha. Jumapili kilabuni alikaa akiwatazama wale watano waliobaki, wakicheza domino, wakimpa mwanamke mjamzito kiti, wakimtania Bonifacio. Mmoja wao, mbele ya mji mzima, alikuwa tayari kuua na kurudi nyumbani kula, na wala hakuonekana kujua kwamba risasi yake ilitolewa. Au alijua, akanyamaza. "Nawapenda wote," aliniambia, "na mmoja wao simjui kabisa." Alipokuwa akinywa nao, aliketi akiutazama mlango na kuwatazama wao pia.

Yule jenerali aliyeitawala nchi tangu vita alipokufa hatimaye na nchi kuanza kupumua, tulipanda Santa Quiteria na kamba, taa na majembe. Wale watano walikuja wote, hatukumwita hata mmoja. Ginés alisafiri kutoka Ujerumani na mke wa kule. Bonifacio hakutosha kupita mdomo wa shimo, akabaki juu kushika kamba. Waliokwenda chini walipandisha mifupa katika magunia ya unga wake.

Tulimleta daktari kijana kutoka Almería. Alifanya kazi siku mbili juu ya shuka nililolitandika, akapanga mafuvu saba, kisha akavua miwani akamwambia mama kwa huruma kwamba hawezi kujua yupi ni yupi. Ni vijana wote, urefu unakaribiana, na maji ya mgodi yameharibu mengi.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Mjomba alikuwa amemshika bega.

"Basi nitawachukua wote," mama akasema. "Na wenzangu watawachukua wote. Tutazika mara moja, tutalia mara saba."

Ndivyo tulivyofanya. Walilazwa kaburi moja, karibu na lango. Siku ile mjomba alisimama muda mrefu baada ya watu kuondoka, kisha wale watano wakarudi kumchukua, wakamshika mikono kwa sababu njia ina mawe na yeye alikuwa amezeeka. Aliwaacha wamshike. Nikawaona wakiteremka pamoja, wamekumbatiana mabegani, na upepo ukipeperusha vumbi nyuma yao.